Nusu ya Kisima

Maneno ya kwanza ambayo Kavumbi alipata kuambiwa na Bi Mwatime yalitoka chini ya ardhi.

Ilikuwa siku ya pili tangu ahamie nyumba yake mpya ya Mji wa Kale. Mpya kwake yeye, maana nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya matumbawe, kongwe kuliko kumbukumbu ya aliyemuuzia. Vyombo vilikuwa vingali magunini. Mkewe, Wanza, alikuwa angali anaitafuta sufuria ya chai. Kavumbi yeye alikuwa uani na fundi Dzoro, kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba ya kupimia, na mipango yote amekwisha kuichora kwa kaa juu ya chokaa ya ukuta: hapa choo cha kuvuta maji, hapa banda la kuwekea vinyago, na popote pengine simiti, mchanga usionekane tena. Chumba cha mbele, kilichotazama njia, kingekuwa duka. Hilo duka ndilo lililomfanya anunue nyumba.

Hakuwa mtu wa kununua kitu akakaa kukitazama. Alishuka kutoka Ukambani na gunia moja la vinyago vya mjomba wake, akaviuza kwa mkono nje ya Ngome ya Yesu, juani, hadi kipaji chake cha uso kikabadilika rangi. Wenzake wa pale walikuwa wakisema kwamba Kavumbi aweza kumuuzia mtalii kivuli chake mwenyewe, kisha amtoze cha kumbebea. Miaka yote hiyo aliuza akiwa amesimama. Sasa alitaka kuuza akiwa ameketi.

Kwenye pembe ya ua, ukutani, palikuwa na kijilango cha mbao chenye mbawa mbili, kimepakwa kijani, mfano wa kabati. Aliyemuuzia alimwambia, kwa kupita tu, kwamba humo mna kisima cha zamani. Kavumbi aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeongezewa embe juu ya fungu alilokwisha kulipia. Shimo lililokwisha kuchimbwa halichimbwi mara ya pili. Choo kingejengwa kando yake, bomba moja fupi, na kila kitu kingetumbukia kisimani. Mambo kwisha.

"Umepata shimo la bure, bosi," Dzoro alisema. Akakifungua kijilango, akaokota kokoto, akaitupa ndani asikie kina.

Maji yalilia huko chini. Kisha sauti ya mwanamke ikapanda kutoka humo humo, tulivu, haina haraka:

"Nani yuwanitupia mawe?"

Dzoro aliiacha kamba, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango wa jikoni. Midomo yake ilikuwa ikinong'ona, "Jini, jini." Kavumbi hakuwa na habari na majini, aliamini wapangaji. Alidhani ameuziwa nyumba yenye mtu ndani. Akainama kwenye kile kijilango.

"Nani huyo?"

"Mimi ndiye wa kuuliza. Jiwe limetoka kwako."

"Mimi ni mwenye nyumba."

"Nami ni mwenye nyumba. Tumekuwa wawili, basi. Hujambo, jirani?"

Hapo ndipo Kavumbi alipoingiza kichwa na kuona jinsi kilivyojengwa. Ukuta uliotenga ua wake na ua wa pili ulipita juu ya mdomo wa kisima, katikati kabisa, umebebwa na tao. Nusu ya mdomo ilikuwa upande wake, nusu upande wa pili. Ukuta wenyewe ulishuka kidogo ndani, kiasi kwamba wa huku hamwoni wa kule. Lakini sauti hushuka, ikagusa maji, ikapanda upande wa pili.

"Sijambo, mama. Sikujua kuna mtu."

"Sasa umejua. Kisima kina hodi. Gonga ndoo ukingoni kwanza, mwenzio asikie, ndipo ushushe. Ndoo mbili zikikutana huko chini, zote hutoka tupu."

"Mimi siteki, mama. Nataka kukigeuza shimo la choo."

Alisema vile alivyozoea kutaja bei, upesi na bila kupepesa, ili mwenzake aanze kwa kushtuka. Mwenzake hakushtuka. Akauliza:

"Nusu ipi?"

"Vipi nusu ipi?"

"Si kuna yako na yangu? Yako tia choo, bwana, ni mali yako, siwezi kukuzuia. Lakini uukanye huo uchafu wako usivuke mpaka."

Dzoro alicheka kule mlangoni, akaona uso wa bosi wake, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Kavumbi alibaki ameinama. Amejadiliana na Wajerumani, Wataliano, manahodha na mabibi wa manahodha, na hakuna aliyewahi kumkubalia kila neno na wakati huo huo asimwachie kitu mkononi. Alifunga kijilango polepole, kama mgeni anayetoka msikitini mwa watu.

Jioni alikwenda kwa Kamaludin, mwenye duka la pembeni, kununua sukari na habari. Kamaludin hakuuza kimoja bila kingine.

"Ah, Bi Mwatime," alisema. "Mumewe alikufa zamani. Hushona kofia, zile za vito, tundu ndogo ndogo za sindano, kofia moja aweza kuitia miezi. Na huosha wafu."

"Wafu gani?"

"Wafu gani tena? Wanawake wa mtaa huu. Akifa mwanamke, huitwa yeye. Mamangu kamwosha yeye. Na mke wangu, Mungu ampe umri, akitangulia atamwosha yeye."

"Analipwa nini kwa kazi hiyo?"

Kamaludin alimtazama kama aliyeulizwa mvua inalipwa nini. "Halipwi."

Kavumbi alirudi na sukari yake akilifikiria hilo neno. Kwao, maiti ni kitu cha kukaa nacho mbali. Anayemgusa hulazimika kutakaswa. Na mtu anayefanya kazi asiyoitaka mwingine yeyote, tena bila malipo, hana bei ya kuanzia. Utaanza kumshusha kutoka wapi?

Hata hivyo alijaribu. Asubuhi iliyofuata alichukua ndoo mpya ya Wanza, akaigonga ukingoni.

"Karibu," sauti ikasema.

"Mama, nimefikiri. Nitakuvutia mfereji hadi ndani ya ua wako. Bomba juu yangu, fundi juu yangu. Utafungua tu."

"Mfereji ninao."

"Basi, kisima cha nini?"

"Ufungue wako, nami niufungue wangu, tusikilize."

Kavumbi aliufungua. Mwaka ule wa tisini na nne mifereji ya Mji wa Kale ilikuwa na siku za kutoa maji na siku za kukohoa hewa, na siku ile ilikuwa ya kukohoa. Kutoka upande wa pili aliusikia mwenziwe ukikohoa vile vile.

"Wasemezana hao," Bi Mwatime alisema. "Tuwaache."

Siku ya pili akaja na tangi la maji. Akajibiwa kwamba tangi halizai, lameza tu lililopewa. Siku ya tatu akawa mkali kidogo, akasema kwamba ua ni wake, na fundi analipwa kwa siku, na subira yake ina mwisho. Bi Mwatime akamwambia fundi ni Dzoro mtoto wa Kinung'una, amjua, na kwamba kwa mwendo wake wa kazi subira ya bwana haina budi kurefuka. Wanza alikuwa jikoni akichuja chai, akasikia, akaketi kwenye kibago acheke vizuri.

"Mume wangu," alimwambia Kavumbi alipoingia, "leo umeuziwa wewe."

Siku ya nne Bi Mwatime ndiye aliyegonga.

"Jirani, wewe ni mtu wa biashara. Umewahi kutupa mali bila kuikagua?"

"Hapana."

"Basi shuka ukikague. Kina vipandio. Ushuke, ukione, utoke. Ukitoka na bado ukataka choo, sitakwambia neno tena."

Kavumbi alitafuta mtego, hakuuona. Bei ya kutazama ni ndogo. Wala hakuwa mwoga. Alikubali papo hapo, kabla hajaghairi.

Alishuka siku ile ile jua likiwa juu, kamba kiunoni, Dzoro ameishika ncha ya pili na kuizungusha kwenye nguzo ya jikoni. Vipandio vilikuwa mashimo yaliyochongwa ukutani huku na huku, na kila kimoja kilikuwa kimelika katikati, laini kama kijiko cha mbao cha zamani. Mguu uliingia wenyewe. Aliposhuka urefu wa mtu akahisi baridi. Aliposhuka mara mbili yake akaacha kusikia mji: honi, adhana, baiskeli ya muuza mikate, vyote vilifungwa juu kama kwa kifuniko.

Hakuchimba mtu hapa kwa sururu ya siku mbili tatu. Ukuta mzima ulikuwa tumbawe hai lililogeuka jiwe, limekatwa duara bila kosa, na ndani ya jiwe mlikuwa na viumbe: kombe wamekaa walivyokaa siku ya kufa kwao, kauri, mafuvu ya matumbawe yenye mikunjo kama ubongo, na jani la kitu asichokijua, limepigwa muhuri humo kabla mtu hajaitwa mtu. Kavumbi amekaa na wachongaji tangu utotoni. Ajua mkono wa mtu na ajua pale mkono wa mtu unapokoma. Hapa vyote viwili vilikuwa vimekutana, na hakuweza kusema mpaka uko wapi.

Chini kabisa palikuwa na ukingo wa jiwe umetokeza, nafasi ya nyayo mbili. Akasimama hapo. Maji yalikuwa hatua moja chini yake, meusi, yametulia. Aliinama, akachota kwa kiganja, akaonja. Bahari haikuwa mbali. Mtu akirusha jiwe kwa nguvu kutoka darini mwake angelikosa kidogo tu. Lakini maji haya yalikuwa matamu. Akatazama juu. Mdomo wa kisima, uliokatwa na ukuta, ulionekana kama nusu mwezi mbili zimepeana migongo, moja yake na moja si yake, na mwanga wa zote mbili ulishuka ukachanganyika kabla haujamfikia. Huku chini hapakuwa na nusu ya huyu wala ya yule.

Alisimama hapo muda asioujua. Hakufikiri chochote cha faida.

Ndipo zilipoingia sauti kutoka nusu mwezi ya pili. Wanawake, wengi, wanasema kwa chini. Mmoja alikuwa akilia kwa kujizuia. Kisha ndoo ikagongwa ukingoni.

"Hodi, jirani. Ungali huko?"

"Ningali, mama. Natoka sasa."

"Usitoke." Sauti ilikuwa ile ile, lakini mzaha ulikuwa umeondolewa, kama mtu anapovua bangili kabla ya kazi. "Ukipanda utamwaga mchanga, maji yachafuke. Umeyaingia?"

"Sijayaingia. Niko juu ya jiwe. Nimechota kiganja tu."

"Basi usiyaingie. Usiyatie mguu. Pana msiba. Mwari wa watu, amefariki na uzazi, na mfereji ni kama usikiavyo. Nnashusha ndoo. Uiongoze isikugonge."

Kavumbi alijibandika ukutani. Akataka kusema kwamba yeye si Mwislamu, kwamba kwao haifanywi hivi, kwamba kamba inamkata kiuno. Ndoo ilikuwa imekwisha kumfikia usoni. Akaipokea. Akainama, akailaza ubavu juu ya maji taratibu kama anavyolaza kinyago kilichopakwa mafuta, ikanywa, ikajaa. Akaisindikiza kwa mikono miwili hadi ikamshinda urefu.

Ikaja ya pili. Ikaja nyingine. Aliacha kuzihesabu. Akagundua jambo ambalo hakulitarajia: maji yalikuwa yakipanda. Bahari ilikuwa ikijaa huko nje, na kisima, kwa njia yake isiyoonekana, kilikuwa kikipumua nayo, bila kuikubali chumvi yake. Maji yaliyokuwa hatua moja chini yake sasa yaliramba ukingo wa jiwe. Kavumbi akainua mguu, akauingiza kwenye kipandio cha kushoto, akauinua wa pili, akauingiza cha kulia, akabaki amejipanua ukutani kama mjusi, mgongo umepinda, akiendelea kupokea na kujaza.

"Bosi, nikuvute?" Dzoro aliita kutoka juu.

"Nyamaza."

Hakuna mtalii, hakuna mteja, hakuna mtu aliyewahi kumfanya Kavumbi asimame namna ile kwa kitu asichokuwa na fungu ndani yake. Naye alijua, pale pale ukutani, kwamba maji haya anayoyashika yalikuwa yakienda kuwa ya mwisho kumgusa mtu. Yakimfikia yametibuka, hana atakayemlalamikia. Alikaza mkono. Kila ndoo ilipanda angavu.

"Yametosha," Bi Mwatime akasema hatimaye. "Mungu akuweke."

Sauti zikaondoka. Kavumbi akabaki na maji. Alipotolewa juu, hakuweza kufumba vidole wala kusimama wima. Aliketi mchangani, ule mchanga aliotaka kuufunika, na Wanza akamletea chai pasipo kumuuliza kitu. Baadaye aliinuka, akalowesha tambara, akakifuta choo alichokichora ukutani. Dzoro alimtazama.

"Tunajenga wapi sasa?"

"Sijui. Ninyamazie kwanza."

Lakini mtu wa biashara huenda msibani na akatoka akiwa bado mtu wa biashara. Matanga yalipoanuliwa, Kavumbi aligonga ndoo.

"Mama, choo sitakitia kisimani. Wala shimo silichimbi uani, ua wenyewe ni mdogo kama mkeka, popote nitakapochimba uchafu utakufikia. Itabidi nichimbe mbele, kwenye chumba cha njiani. Hicho kilikuwa duka langu."

"Nimesikia."

"Duka limekwenda. Na uani sijengi chochote cha kuzuia watu kuteka. Sasa vinyago vyangu nitaviweka wapi? Nimepoteza mimi peke yangu."

"Sema utakalo."

"Nataka kutupa dari juu ya ua, ghala la juu. Boriti upande mmoja zitakaa kwenye ukuta wangu. Upande wa pili nataka ukuta wa jiko lako, unaotazama ua wangu."

Kimya kilikuwa kirefu safari hii. Kavumbi alifurahi, kimya cha mwenzako ni pesa, hata pasipo na pesa.

"Dirisha langu la jikoni liko hapo," Bi Mwatime akasema. "Ndipo niketipo nikishona. Dari yako italifunga jua."

"Najua, mama."

"Kisima chabaki wazi? Siku zote? Na wewe ukiuza nyumba, yule utakayemuuzia umfunge kwa neno hilo?"

"Nitamfunga."

"Basi weka boriti zako, mwanangu."

Dzoro alizitupa boriti za mkoko kutoka ukuta hadi ukuta, akapanga mawe madogo juu yake, akashindilia chokaa kama yalivyofanywa majumba ya kale, kwa sababu simiti ilikuwa ghali na Kavumbi alisema ghafla kwamba ya kale yanapendeza zaidi. Ghala likawa kubwa kuliko banda lolote ambalo lingeingia uani. Kavumbi alijiona ametoka vizuri. Alikwenda kwa Kamaludin kununua sukari, akamsimulia mapatano yote, polepole, kama aelezavyo mvuvi samaki wake.

Kamaludin aliweka chini kipimo.

"Yaani umempa duka lako ili akupe ukuta?"

"Ukuta na jua la dirisha lake."

"Bwana Kavumbi. Sisi dini yetu yamkataza mtu kumzuia jirani kuegemeza boriti kwenye ukuta wake. Hilo kila mtoto wa chuo cha Kurani hulijua. Ungeliuomba tu."

"Asingenikatalia?"

"Angekukatalia vipi, na mwenyewe ndiye awafunzaye wari dini?"

Kavumbi alitembea hadi nyumbani akiwa na tabasamu asilolitaka. Aliigonga ndoo.

"Mama. Ukuta huu ulikuwa wangu wa kuomba bure."

"Ulikuwa."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza. Ungeuliza siku ya kwanza ningekupa bure, nawe ungeuchukua bure, na duka lako lingekuwa duka, na choo kingekuwa uani." Akaongeza: "Na ile siku ya msiba, jirani, mimi sikukupangia. Hiyo alipanga Mwenyewe. Usije ukanitilia hiyo kwenye bei."

Kavumbi aligonga ndoo ukingoni, akaishusha. Kwa mara ya kwanza kushindwa hakukumuuma.

Basi mapatano yao yalikaa hivyo. Kavumbi alipata ghala lisiloingia mvua, na akapoteza duka; hadi mwisho wa miaka ya tisini alikuwa bado anauza nje ya Ngome, juani, kwa miguu yake, na Wanza akimwambia kila akirudi kwamba chumba chenye hewa nzuri kuliko vyote nyumbani mwao ni choo. Bi Mwatime alibakiwa na kisima kizima, cha kwake na kisicho chake, na maji yake yakaendelea kuwatoa watu wa mtaa ule duniani wakiwa safi. Jikoni mwake mkaingia giza la mchana. Ikambidi ahamishie kofia zake kwenye baraza ya mbele, kwenye vumbi na macho ya wapita njia, na kwa kuwa macho yake nayo yalikuwa yakizeeka, kofia iliyokuwa ya miezi ikawa ya mwaka.